Haijaisha, Isitumike

Siku yangu ya mwisho kazini walinipa keki, wakanipa shuka jipya la kitanda, halafu wakanipa namba. Keki tuliila. Shuka liko kabatini mpaka leo, sijalitandika. Namba ndiyo iliyonifunga.

Mimi ni mwandishi wa programu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni inayotengeneza visanduku vya kuongozea lifti, vile vinavyokaa juu ya paa la jengo na kuiambia lifti panda, shuka, fungua, funga. Wenzetu wengine wanahangaika na vyuma na nyaya, sisi tunaandika akili yake. Niliacha kazi kwa hiari yangu, bila kugombana na mtu. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa mahututi huko mji mwingine, na mama alitaka amkute bado anapumua. Tunaishi wawili tu, mimi na mama, ghorofa ya tisa, ya juu kabisa. Magoti yake yaliishia kwenye cherehani ya miguu, maana ameshona nguo za watu tangu usichana wake. Sebuleni anatembea kwa fimbo, jikoni anafika, lakini ngazi haziwezi. Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Ijumaa naaga, Jumamosi mchana gari linakuja, tunahamia kwa mama mkubwa. Mimi namuuguza, mama anakaa ubavuni mwa dada yake mpaka Mungu aamue.

"Mwambieni mdogo wangu aje upesi," mama mkubwa alisema kwenye simu, sauti imebaki kidogo. "Asianze kuchagua nguo."

Sasa niwaeleze ile namba, la sivyo mtadhani nawapigia porojo. Kila tunachoandika kinaingia kwenye hifadhi moja, na hifadhi hiyo haisahau kitu. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, siku yake, na maneno machache ya kueleza amefanya nini. Kazi iliyokamilika inakaa kwenye shina. Kazi ambayo mtu bado anahangaika nayo inakaa kwenye tawi, huko pembeni, isimdhuru mtu. Halafu kuna mtambo. Mtambo nao ni programu tu, na kazi yake ni kuichungulia hifadhi mchana na usiku. Ukiona badiliko limebandikwa lebo yenye namba, unajua hilo ni toleo jipya. Unaliunda, unalipiga muhuri wa namba ile, jina la mwenye kazi na maneno aliyoandika, kisha unalituma kwa mtandao kwenye visanduku vyote vya wateja. Hauulizi kama lebo imebandikwa kwenye shina au kwenye tawi. Niliwahi kusema kikaoni kwamba uwe unauliza. Mkurugenzi akasema tutalitazama. Aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua "tutalitazama" maana yake nini.

Basi Ijumaa alasiri, keki ikiwa mikononi, akasimama mwenzetu mmoja tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Akasema haiwezekani niondoke hivihivi bila kutunukiwa. Akaketi kwenye kompyuta yake, akalitafuta badiliko langu la mwisho kabisa, akalibandika lebo: 999.

"Baada yako hakuna namba nyingine, dada," akasema.

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nisiwe mnafiki. Lebo mtu anaweza kuibandika kwenye nakala yake mwenyewe ikabaki hapohapo, hifadhi kuu isijue lolote, na nilidhani ndivyo alivyofanya. Kumbe Redio, kwa raha zake, aliituma. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wetu ulitumbuka usiku uleule, sote tumelala.

Badiliko lenyewe lilikuwa kwenye tawi. Nilikuwa naandika utaratibu wa matengenezo: fundi akiiita lifti, ipande mpaka juu, ifungue milango, imsubiri, na isishuke mpaka yeye aiambie. Kwa ajili ya majaribio nilikuwa nimeuacha utaratibu huo uwake wenyewe, muda wote, kwa lifti yoyote. Nilijua ni hatari, ndiyo maana kwenye maelezo niliandika maneno mawili: "Haijaisha, isitumike."

Jumamosi asubuhi nilitoka kununua mkate. Lifti ilikuwa kwetu, ghorofa ya tisa, milango wazi, taa inawaka, imetulia kama mgeni aliyekaribishwa. Nikaingia, nikabonyeza chini. Haikujibu. Nikabonyeza tena, nikabonyeza kitufe cha kufunga milango, nikabonyeza vyote. Ndipo macho yakaenda kwenye kioo kidogo pale juu ya vitufe, panapoandikwa toleo. Palikuwa na 999, na jina langu kamili, na chini yake: Haijaisha, isitumike.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa ameshavaa gauni lake la kusafiria, mkoba mapajani, na gari lenyewe la mchana.

"Umerudi bila mkate," akasema.

"Lifti imepanda, mama. Haishuki."

"Aliye juu mngoje chini." Akacheka mwenyewe mpaka mkoba ukatikisika. Alipoona sicheki, akauweka mkoba chini. "Si wewe ndiye fundi wake? Nenda kaiambie ishuke. Dada ananisubiri."

Nilishuka ngazi mbiombio, nikaenda kwenye ofisi niliyoiaga jana yake.

Simu zilikuwa zinalia kila meza. Lifti zote za wateja wetu, mji mzima, zilikuwa zimepanda juu na kufungua milango, na kila moja inalitaja jina langu kwa yeyote anayeingia. Redio alikuwa amekaa kwenye kona. Macho mekundu. Mkurugenzi alikuwa amesimama katikati ya chumba, shati halijachomekewa, na huyo ni mtu anayechomekea hata fulana.

"Umekuja, afadhali," akaniambia. "Toa toleo zuri, lipe namba inayofuata, yaishe."

"Hakuna inayofuata."

Ilibidi nimweleze taratibu, kwa sababu alikuwa hasikii. Kisanduku kimefundishwa kukataa toleo lolote lenye namba ndogo kuliko kililonalo, ili mtu asije akakirudishia ubovu wa zamani. Na nafasi ya namba tuliiacha ya tarakimu tatu. Tulikuwa kwenye toleo la mia mbili na kitu, nani angefikiria tutafika elfu? Sasa visanduku vyote vimeshika 999. Chini ya hapo vinakataa, juu ya hapo hakuna nafasi.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni kwa mkono. Fundi apande kwenye paa, achomeke kebo, akifute kisanduku, akiwekee toleo la zamani. Kimoja kimoja."

Mkurugenzi akakaa juu ya meza. Vifaa vya kufutia vilikuwa viwili tu kampuni nzima, na mafundi wa kuvitumia wawili. Mmoja alikuwa ng'ambo ya mji. Na hata kifaa chenyewe kilikuwa hakijui kuongea na kisanduku kilicho kwenye ule utaratibu wangu wa matengenezo, kwa hiyo nikakaa kwenye kiti changu cha zamani, ambacho kilikuwa bado hakijapoa, nikaandika programu ya kukifundisha. Najua wanaojua lifti wataniuliza kwa nini nisiishushe ya kwetu kwa ule usukani wa mkono wa dharura. Usukani upo. Kuishusha tupu unaweza, kumpakia mtu ndani na kumshusha hivyo ni marufuku, na mimi niliyeandika maelezo ya marufuku hiyo nisingempakia mama yangu.

Nilipomaliza ilikuwa imefika mchana. Dereva alinipigia, yuko chini ya jengo letu, anauliza mizigo iko wapi. Nikamwomba asubiri. Kisha nikamfuata mkurugenzi.

"Nataka jengo letu lifanywe sasa."

"Kuna foleni," akasema. "Hospitali kwanza. Halafu nyumba ya wazee, halafu hoteli mbili, halafu hao wenye minara ya ofisi. Ninyi mko huko nyuma, kesho kutwa pengine."

"Mama mkubwa wangu anakufa. Mama hawezi ngazi. Nilikueleza haya yote wakati naacha kazi."

"Pole sana, dada. Naelewa."

Na kweli alielewa, ndicho kilichonichoma. Angekuwa katili ningemtukana nikapumua. Alikuwa ananitazama kwa huruma huku ananibana ukutani.

"Na wewe nielewe," akaendelea. "Jina lako liko kwenye kila lifti. Wateja wananiuliza, yuko wapi huyu aliyeandika isitumike? Niwajibu nini, kwamba jana tumemkatia keki? Hii kazi ni ya miezi. Visanduku vifutwe, mtambo ufundishwe kuuliza tawi, nafasi ya namba ipanuliwe. Nani anajua hayo yote kama si wewe? Rudi mwaka mmoja tu. Ukisema ndiyo, fundi wa pale hospitali akimaliza lifti aliyonayo anakuja kwenu moja kwa moja, hoteli zitasubiri. Kesho unampeleka mama yako kwa dada yake, Jumatatu unarudi hapa."

"Na nani atawauguza?"

Akachukua simu yake mezani, akaigeuzageuza mkononi.

Mtu aliyebanwa mlangoni hachagui kidole cha kutoa. Nilijua nikisema ndiyo, mama atabaki kule na mgonjwa, naye mwenyewe ni wa kushikwa mkono. Nilijua nikisema hapana, hatafika kabisa. Mkurugenzi akampigia fundi, akaweka simu kwa sauti kubwa ili asikie na wote wasikie.

"Sema," akaniambia.

"Nimekubali. Mwaka mmoja."

"Haya dada, nakuja kwenu," fundi akajibu kule, upepo wa paa unavuma kwenye simu.

Wakati natoka, Redio alinifuata mpaka mlangoni. "Dada, nisamehe. Wallahi sikujua kama..."

"Nyamaza," nikamwambia, naye akanyamaza. Miaka yote ile nilikuwa sijui kumbe ni rahisi hivyo.

Nilikuwa bado sijafika nyumbani fundi aliponipigia. Alikuwa ameshafunga mkoba wake wa vifaa, anashuka, akakutana na watu ngazini wamembeba mama mjamzito juu ya machela, wanampandisha kwenye chumba cha upasuaji, yule wa mbele anarudi kinyumenyume, damu inachuruzika kwenye ngazi. Lifti ya upande ule ilikuwa bado.

"Hakuna aliyeniambia nibaki," akasema fundi. "Ni mimi mwenyewe nimeshindwa kupita. Unasemaje, dada?"

Ningesema nini? Ningemwambia amruke yule mama, aje amshushe wangu? Nikamwambia baki. Kisha nikasimama barabarani pale nilipokuwa, nikapiga teke geti la watu mpaka mwenye nyumba akatoka kuniangalia. Nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumkasirikia. Neno langu walikuwa wamelisikia, mwaka wangu walikuwa nao, na lifti yangu ilikuwa imekwenda kwa mwenye shida kubwa kuliko mimi. Nikamwomba radhi mwenye geti, nikaendelea na safari.

Jioni majirani walijaribu kutusaidia. Jirani wa mlango wa pili, ambaye ni mstaafu wa posta, na mwalimu wa ghorofa ya saba walileta kiti chenye mikono, wakamkalisha mama, wakambeba. Mama yangu ana mwili kwelikweli, si wa kubebwa na watu wawili wenye mvi. Kwenye kona ya kwanza tu kiti kikakwama kati ya ukuta na reli, mama akabaki hewani, fimbo imemwangukia mwalimu kichwani. Haikuwezekana kwenda mbele, haikuwezekana kurudi, mpaka tulipong'oa mkono mmoja wa kiti.

"Nimekuwa kabati," mama alisema tulipomrudisha ndani. Alikuwa anacheka huku anakung'uta gauni lake.

Dereva akaondoka, akaahidi kurudi asubuhi. Kisha simu ikalia. Alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yeye ndiye aliyekuwa akimwangalia huko mpaka mimi nifike.

"Anauliza kama mmeshatoka," akasema.

Mama akanipokonya simu. "Mwambie tuko njiani."

Nikamtazama.

"Hata hapa ni njiani," akasema, akanirudishia simu yangu. Alilala na gauni lake lilelile.

Asubuhi ya Jumapili fundi alinitumia ujumbe: yuko nyumba ya wazee, wapo waliolala kwenye makochi ya ukumbini kwa kushindwa kurudi vyumbani, bado lifti mbili, nimvumilie. Nilimsomea mama. Alichukua fimbo, akatoka, akapita mbele ya lifti iliyokuwa wazi na taa yake inawaka, hakuigeuzia uso. Akafika juu ya ngazi, akashika reli, akajishusha polepole, akaketi sakafuni.

"Wewe ulipokuwa hujui kutembea vizuri ulikuwa unashukaje ngazi?" akaniuliza.

"Mama, acha."

"Ulikuwa unashuka kwa makalio. Chukua hiyo fimbo."

Akanyoosha miguu, akaweka viganja sakafuni, akajisukuma mbele, akatua ngazi ya pili. Akafumba macho, akayafumbua. Akafanya tena. Mimi nikatangulia mbele yake kinyumenyume, mikono nimeitanguliza, ili akiponyoka aniangukie mimi kwanza. Mstaafu wa posta akabeba mikoba, mwalimu akaenda chini kumwambia dereva asizime gari. Ngazi zetu ni za saruji tupu, nyembamba, zina harufu ya rangi ya zamani na sabuni ya kudekia. Kila ghorofa tulipita baiskeli za watoto zilizofungwa kwenye mabomba, ndoo, viatu vya watu vilivyowekwa nje ya milango, na kila ghorofa mlango wa lifti umefungwa na mshale mwekundu unaonyesha juu.

Alipumzika kila kona. Akishindwa kuongea anapumua tu, akipata pumzi anaongea bila kukatiza, kama vile yeye ndiye anayenibembeleza mimi.

"Dada ndiye aliyenibeba, unajua. Mama yetu alikuwa shambani kutwa. Nimekua mgongoni kwake, mpaka watu wakasema huyu hana miguu. Ukimwona usilie. Anachukia vilio. Mimi nitaingia kwanza, wewe ukae mlangoni, nikikuita ndiyo uje."

"Sawa, mama."

"Na utalala kile chumba cha uani. Mimi nitalala naye. Kitanda chake ni kikubwa."

Tulikuwa tunaikaribia ghorofa ya saba. Nilitaka kunyamaza mpaka tufike garini, nikashindwa.

"Mama, sikai. Narudi Jumatatu. Nimewaahidi mwaka mmoja."

Akasimamisha mikono. "Umewaahidi nani?"

"Kazini. Walisema nikikubali, lifti yetu itafanywa mwanzo."

"Umejiuza kwa lifti."

"Kwa ajili yako."

"Mimi nilikutuma?" Sauti yake ikajaa ngazi zote, mlango mmoja ukafunguka na kufungwa. "Mimi nimekuomba lifti? Nilikuomba unipeleke kwa dada yangu. Na hiyo lifti uliyonunulia mwaka wako iko wapi?"

Nikamweleza habari za yule mjamzito. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, vumbi limetapakaa kwenye gauni.

"Basi wameipata wao," akasema mwishowe. "Si haba. Alijifungua?"

"Sijui."

"Muulize huyo fundi wako, siku moja." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Nilikuzaa na akili zako timamu, ukaenda kuzifungia zote kwenye sanduku juu ya paa."

Hapo nikalia. Nililia kwa uchungu, nimesimama kinyumenyume na mikono imenyooshwa kama mtu anayepaka ukuta rangi. Nilijiona nimefungwa pande zote. Nilikuwa nimeondoka bila kuondoka, mama yangu alikuwa anaburuta makalio kwenye saruji kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika kwa nia njema, na Jumatatu ningekaa kwenye kiti kilekile, kwa ndiyo niliyoitoa bila kupata kitu.

"Futa uso," mama akasema. "Huoni ninakoshukia, utaniacha nianguke."

Nikafuta. Tukaendelea. Ghorofa ya sita alipumzika sana, nikamnywesha maji. Ghorofa ya tano alisema viganja vinawaka, mstaafu wa posta akavua soksi zake, akampa, mama akazivaa mikononi. Akatucheka. Akasema dada akimwona anaingia na soksi za mwanaume mikononi atapona siku hiyohiyo kwa kicheko, kwamba hajawahi kumwona dada yake akishindwa kucheka. Alikuwa ameanza kupata mwendo. Alikuwa anashuka vizuri.

Tulifika kona ya ghorofa ya nne simu ikalia mfukoni mwangu. Nikaitoa kwa mkono mmoja, mwingine nimemshika mama goti.

"Ameondoka," dada yangu akasema. "Sasa hivi tu, hata macho sijamfunga. Alikuwa anauliza mmefika wapi. Nikasema wako njiani, akasema haya. Halafu basi."

Nikaiacha simu sikioni. Mstaafu wa posta alikuwa amesimama juu yetu na mikoba miwili, ananitazama, na nadhani alielewa, maana aliinamisha kichwa. Mama naye alikuwa ananitazama. Alikuwa ameketi katikati ya ngazi, miguu mbele, soksi mikononi, pumzi inapanda na kushuka. Kumrudisha juu hakuna atakayeweza. Nikimwambia pale, hana pa kusimama wala pa kulala, ana saruji chini yake na reli pembeni, na magoti yasiyomfikisha popote. Akijua, hatapata nguvu za kwenda juu wala chini. Nilitamani ngazi zile zisiishe, na nilitamani ziishe palepale.

"Nani?" akauliza.

"Kazini."

"Jumapili hii? Wanataka nini tena?"

"Wanauliza tumefika wapi."

"Watu wenu hawana adabu." Akavuta pumzi. "Waambie ghorofa ya nne. Na waambie waniache, nawahi kwa dada yangu."

Nikaisogeza simu mdomoni. "Tuko ghorofa ya nne," nikasema. Upande wa pili dada yangu alikuwa analia. Mama akakaza soksi mikononi, akaweka viganja sakafuni, akajisukuma, akashuka.